Kidonda kinapakwa mafuta ya nabii, na mimi nakatazwa kuuliza

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Tomondo, hapa Unguja. Ni Waanglikana, mimi na mume wangu. Ndoa tulifungia kwenye kanisa kuu la Mkunazini na watoto wote wamebatizwa huko. Mume wangu ni dereva wa watalii. Maisha yetu yalikuwa ya kawaida tu: wageni wakiwepo anawapeleka Nungwi na Paje, Masika ikiingia hoteli nyingi zinafunga na sisi tunabana matumizi mpaka wageni warudi.

Mwaka juzi aligundulika ana kisukari. Haukupita muda, tajiri wake akaiuza gari aliyokuwa akiiendesha. Akabaki nyumbani, hasemi na mtu. Hapo ndipo alipoanza kumsikiliza nabii mmoja wa bara kwenye simu, usiku kucha. Nisikufiche, mwanzo nilifurahi. Alirudi kucheka na watoto, akawa anaamka alfajiri kusali. Baadaye akaanza kuvuka kwa boti kwenda kwenye ibada zake Dar es Salaam, na kila akirudi ana mfuko: chupa za mafuta ya upako, maji, chumvi, stika, bangili ya mpira yenye jina la nabii. Stika zipo mlangoni, zipo kwenye friji, zipo hata kwenye madaftari ya watoto. Picha ya nabii, ya fremu, ameitundika chumbani mahali palipokuwa na msalaba alioachiwa na marehemu mama yake. Akisali anaielekea ile picha na kusema, "Mungu wa baba yangu nabii, nijibu."

Juzi usiku ilipiga radi kubwa. Mtoto wetu wa mwisho alishtuka usingizini akalia akimwita nabii yule kwa jina. Hakumwita Yesu, hakuniita hata mimi. Shangazi, sikulala tena.

Ada ya skuli ya mtoto mkubwa aliituma kama mbegu, yaani sadaka, ya kuvunja madhabahu za ukoo. Sasa anataka tuuze kiwanja chetu cha Fuoni, kwa sababu ameambiwa sadaka isiyouma haifiki. Nikisema neno ananijibu kwa Maandiko: "Msiwaguse masihi wangu." Siku moja akaniambia, "Nyinyi wa Mkunazini mnauinamia msalaba uliochongwa kwenye mti wa Livingstone. Mimi nikiweka picha ya mtumishi wa Mungu ndiyo inakuwa sanamu?" Sikuwa na jibu.

Na haya ninayaona. Jirani yetu, bibi mmoja Muislamu tunayeishi naye kama ndugu, alimkuta anapaka mafuta kizingitini. Akaniuliza kwa upole, "Kumbe na nyinyi mnatia kago?" yaani kinga ya kiganga. Nilitamani ardhi inimeze, maana mimi ndiye ninayewakanya wanangu kila siku wasivae hirizi. Mtaa mzima sasa unatujua kwa stika zile. Nikienda dukani nahisi natazamwa.

Vidonge vya kisukari ameacha tangu kabla ya Krismasi. Ana kidonda kidogo kwenye unyayo, chini ya dole gumba, anakipaka mafuta yale. Anasema hakimuumi, kwa hiyo kinapona.

Nisaidie. Hii ni ibada ya sanamu, au ni mimi sina imani kama anavyosema? Nivichukue vitu vyote usiku nikavitupe baharini? Na yule jirani nimjibu nini?

Mke mwenye mashaka, Tomondo


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kidonda umekiweka mwisho wa barua. Mimi naanza nacho, na nakuomba ukimaliza kusoma aya hii uiweke simu chini uanze kupanga safari ya hospitali, mengine utayasoma baadaye. Kidonda cha unyayo kwa mtu mwenye kisukari, asiyetumia dawa, si kidonda kidogo hata kama ni cha ukubwa wa punje ya mtama. Hakimuumi kwa sababu sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, mguu ukafa ganzi. Kutouma ndiyo dalili ya hatari yenyewe. Sukari hiyohiyo huchelewesha kidonda kupona na huwapa nguvu vijidudu, na maambukizi yakishafika kwenye mfupa, madaktari hulazimika kukata kidole, au mguu. Apelekwe Mnazi Mmoja au kituo cha afya kilicho karibu nanyi leo hii, kesho ni mbali. Kwa sasa kidonda kisipakwe chochote, si mafuta, si asali, si majani. Asiloweke mguu kwenye maji ya moto, maana hatahisi akiungua. Kifunikwe kwa bandeji safi na kavu, asitembee miguu mitupu. Vidonge asivianze mwenyewe kwa kukisia, apimwe kwanza aambiwe aanze na kiasi gani. Na usikubali safari hii igeuke mjadala wa dini. Akisema kwenda kwa daktari ni kukosa imani, mkumbushe mfalme Hezekia. Alipougua jipu la kumuua, alisali akilia, na nabii Isaya alimletea jibu la Mungu kwamba atapona. Halafu nabii huyohuyo akaagiza uletwe mkate wa tini ukawekwa juu ya jipu. Iko kwenye 2 Wafalme 20. Sala ilijibiwa na dawa ikabandikwa, na nabii wa kweli hakuona ugomvi wowote baina ya hivyo viwili.

Nimemtaja Hezekia kwa makusudi, kwa kuwa ndiye anayejibu swali lako la kwanza.

Watu wengi wakisikia ibada ya sanamu hufikiria ndama wa dhahabu, au mizimu, au vitu vya watu wa dini nyingine. Hezekia alipoanza kuziondoa sanamu alikuta nini? Nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu mwenyewe. Nyoka yule aliwahi kuponya watu jangwani, kwenye Hesabu 21 imeandikwa. Alikuwa na historia safi na ushuhuda wa kweli. Lakini vizazi vilipita, watu wakaanza kumfukizia uvumba, na Hezekia akamvunja vipande vipande. Maandiko yanamsifu kwa kitendo hicho. Hakuambiwa kwamba amegusa kitu cha upako.

Kwa hiyo, mwanangu, tusianze kwa kuuliza kama mafuta ni mabaya. Mafuta yamo katika Biblia. Yakobo, kwenye waraka wake, anaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Wala tusianze kwa kuuliza kama nabii yule amewahi kumwombea mtu akapona, mimi sijui na wewe hujui. Tuangalie kitu hicho kimekaa wapi. Mumeo akiwa na hofu, mkono unakimbilia wapi? Akisahau bangili nyumbani, siku yake inaharibika? Je, anaweza kusali kwenye chumba kisicho na ile picha na akaamini amesikiwa? Mungu alimwambia Ezekieli kwamba wazee wa Israeli wameviweka vinyago vyao mioyoni mwao, na wazee hao walikuwa wamekaa mbele ya nabii wakitaka kusikia neno la Bwana. Hawakuwa kwenye mahekalu ya kigeni. Walikuwa ibadani.

Mtoto wako ameshalijibu swali hili bila kuulizwa. Mtoto humwita yule aliyeona wakubwa wake wakimwita. Hiyo picha imeshamfundisha nani anayeokoa wakati wa radi, na imemfundisha vibaya. Ndiyo, hii ni ibada ya sanamu. Nakwambia wazi kwa kuwa umeniuliza wazi, na wewe si mke asiye na imani.

Tuje kwenye yale Maandiko anayokunyamazisha nayo. "Msiwaguse masihi wangu" ni Zaburi 105. Zaburi ile inamsimulia Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache wasio na kwao, waliokuwa wakitangatanga baina ya mataifa, na Mungu akawakemea wafalme wasiwadhuru. Ni kinga ya wanyonge mbele ya wenye nguvu. Leo imegeuzwa kuwa kinga ya mwenye nguvu asiulizwe na mke wa mtu anayetafuta ada ya skuli. Linaniuma sana jambo hili. Watu wa Beroya walisikia mahubiri ya Paulo, mtume hasa, na bado wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Matendo 17 inawaita waungwana kwa kufanya hivyo.

Na huo mtindo wa "Mungu wa baba yangu nabii", najua unakotoka. Elisha aliyapiga maji ya Yordani akiuliza, yuko wapi Bwana, Mungu wa Eliya. Vema. Basi na tumfuate Elisha mpaka kwenye sura ya tano ya 2 Wafalme. Jemadari Naamani alipopona ukoma alirudi na fedha, dhahabu na mavazi, na Elisha akaapa kwamba hatapokea kitu. Naamani akamshikilia, akakataa tena. Aliyekimbia nyuma ya gari kwenda kuchukua malipo ni mtumishi wake Gehazi, akarudi na talanta mbili za fedha na mavazi, akatoka mbele ya bwana wake na ukoma wa Naamani juu ya ngozi yake. Mwambie mumeo asome sura hiyo taratibu, mwenyewe, bila sauti ya mtu kwenye simu. Kisha asome Matendo 3, pale Petro anapowauliza watu kwa nini wanawakazia macho wao kana kwamba ni kwa nguvu zao yule kiwete ametembea. Na Matendo 14, Paulo na Barnaba walipotaka kutolewa dhabihu kule Listra wakararua mavazi yao, wakaingia katikati ya umati wakipiga kelele kwamba wao ni wanadamu tu. Watumishi wa kweli waliogopa kupewa nafasi ya Mungu. Hakuna hata mmoja aliyewagawia watu picha yake wakaitundike juu ya kitanda.

Hatari zake si za roho peke yake. Februari 2020, kule Moshi, watu 20 walikufa kwenye msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako katika mkutano wa ibada. Walikuwa watu wenye shida za kweli, wagonjwa, wanaodaiwa, wazazi wenye watoto. Siwahukumu. Nawalilia. Lakini tusijidanganye kwamba imani ikishahamishiwa kwenye kitu, itakomea kwenye stika ya friji.

Sasa msalaba wa Mkunazini. Mumeo ameuliza swali la haki na ni lazima tulijibu kwa haki. Ni kweli, ule msalaba umechongwa kwenye mti wa kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mmisionari Livingstone alifia hapo mwaka 1873, na watumishi wake Susi na Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti ule, kisha wakaubeba mwili wake mpaka pwani. Ni ukumbusho. Na kanisa lenyewe limesimama pale lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka huohuo wa 1873. Askofu Steere alianza kujenga, na altare ikawekwa mahali panapoelezwa kuwa ndipo watumwa walipofungwa wakachapwa. Ningependa mumeo asimame hapo siku moja akiwa peke yake, watalii wakishaondoka. Paulo anawaandikia Wakolosai kwamba kutamani mali ndiyo ibada ya sanamu, na sijui mahali Zanzibar panapolifafanua neno hilo kuliko pale. Fedha ilikuwa bwana, na binadamu mwenye mama yake na jina lake akasimamishwa kama bidhaa ili fedha ipatikane.

Lakini je, msalaba ule unaweza kuwa sanamu? Ndiyo, unaweza. Siku tutakapoanza kuuchonga vibanzi tukavifunga mkononi tusirogwe, au Mkristo akaamini sala ya Mkunazini inafika na ya Makunduchi haifiki, itabidi Hezekia aletwe na huku. Mwambie hivyo. Usitetee kanisa letu kana kwamba sisi hatuwezi kuanguka. Wana wa Israeli walilibeba sanduku la agano kwenda nalo vitani kama hirizi, wakiwa wamemsahau mwenye agano, na siku hiyo walianguka askari 30,000 na sanduku lenyewe likatekwa. Hata kitu kitakatifu kuliko vyote hakikuwaokoa.

Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza na wewe, kwa upendo. Barua yako ina aya nzima ya jirani na mtaa na dukani, na ina mistari mitatu ya mguu wa mumeo. Nakuelewa. Sisi Wakristo wa visiwani ni wachache, kila jambo letu linaonekana, na mtu hutaka aonekane mwema. Lakini heshima ya mtaa nayo inaweza kukaa kwenye kiti kisicho chake. Ukienda kuzungumza na mumeo kwa ajili ya aibu, atasikia aibu, hatasikia kingine.

Usivitupe vitu vyake baharini. Ukivitupa usiku kwa kujificha utakuwa umekiri kwamba vina nguvu ya kuogopwa, na lolote baya litakalotokea baada ya hapo, boti kuchelewa, mtoto kupata homa, litawekwa juu ya kichwa chako. Hezekia alivunja, lakini yeye alikuwa mfalme. Wewe ni mke, na unachotaka ni mumeo avitoe mwenyewe. Kitu kimoja ufanye bila kungoja: chukua ule msalaba wa mama mkwe wako uutundike chumba cha watoto, na kila jioni usali nao kwa maneno mafupi, ukimtaja Yesu, ili mdogo ajifunze jina la kuita. Stika kwenye madaftari ya skuli zitoe waziwazi, ukimwambia baba yao kwamba umezitoa. Hilo una haki nalo kama mama.

Fedha. Ada ilipwe skuli moja kwa moja kabla haijakaa nyumbani. Kiwanja cha Fuoni, kama jina lako limo, usitie saini karatasi yoyote, na kama halimo, waite wazee wa pande zote mbili mapema, kabla mnunuzi hajaja. Kumwambia mume hapana kwenye jambo hili si uasi. Petro alimwambia Simoni wa Samaria, aliyedhani karama ya Mungu hupatikana kwa mali, fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Basi na tusimwambie mtu mgonjwa kwamba akiuza kiwanja cha watoto ndipo Mungu atamsikia.

Lililo gumu zaidi ni hili. Mumeo alipopoteza kazi na kuambiwa ana kisukari, nani alimtembelea? Hujanitajia kasisi, hujanitajia mzee wa kanisa, wala umoja wa akina baba. Umenitajia sauti moja tu iliyozungumza naye usiku, na sauti hiyo ilikuwa ya nabii. Hili ni deni la kanisa, na nalisema kwa uchungu kama mtu wa kanisa hilo. Tunakemea mafuta ya upako kwenye mimbari, na mgonjwa wetu wa Tomondo hajapata hata mtu wa kukaa naye barazani nusu saa. Mwendee kasisi wako, umweleze yote, umwombe aje na wazee wawili. Wasije kumsema. Waje kama Yakobo alivyoagiza, wamwombee na wampake mafuta kwa jina la Bwana, bure, wanywe chai, waondoke. Na warudi wiki inayofuata. Aone mafuta yasiyouzwa, na watu wanaokuja kwake bila ya yeye kuvuka bahari. Kisha wamsaidie kutafuta gari nyingine ya kuendesha, maana wapo waumini wenye biashara za utalii na wanajuana.

Itachukua muda. Huenda picha ikakaa pale ukutani mpaka baada ya Masika, na wewe utalala chini yake ukiwa umekasirika. Usimtukane nabii wake mbele yake, muulize maswali. Muulize, kwa mfano, kama nabii akifa kesho, Mungu wake atakuwa wapi. Usimjibie. Mwache akae nalo.

Na bibi wa jirani amekuuliza kwa upole, naye ajibiwe kwa upole na ukweli. Mwambie mume wako anaumwa na ana hofu, na hofu imempeleka huko, na wewe hukubaliani nalo. Mtu mzima kama yeye amewaona wengi wa kwao waliokimbilia hirizi na makombe ya kunywa walipobanwa, hatakushangaa. Umesema mnaishi kama ndugu. Basi mwombe abaki na watoto leo, ili wewe uende na mumeo hospitali.

Shangazi